Mlinzi wa Miti ya Kaka Yake

Kasonia alihesabu miti iliyokufa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Thelathini na minne. Yote ilikuwa katikati ya shamba, mahali ambapo mtu anayepita njiani hawezi kuona, na yote ilikauka kwa namna moja: majani mekundu juu, na chini gome limelegea kama ngozi ya kuku aliyetiwa maji ya moto. Mikaratusi ya kando ilikuwa mizima, imeshafika kifuani mwa mtu. Kati ya ile iliyokufa maharagi yalikuwa yamesimama, maganda yake yameanza kujaa.

Alichuchumaa. Punje tatu katika kila shimo, mashimo yamepishana, udongo umekandamizwa kwa kisigino. Hakuhitaji kuuliza mtu. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amelima nyuma ya kisigino hicho.

Alikuwa mlinzi wa miti hiyo tangu mvua za Septemba. Kilima kilikuwa cha marehemu baba yao, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Butembo, upande wa Lubero. Lakini karatasi ya ardhi ilikuwa kwa jina la kaka yake mkubwa, Éliakim, shemasi wa kanisa na mwenye duka la simenti mjini, na Mradi wa kupanda misitu ulizungumza na mwenye karatasi tu. Éliakim alilipwa kila mwaka kwa kila hektari, sharti miti minane katika kila kumi iwe hai. Wale waliokilima kilima hicho, Kasonia na mke wake Jokébed pamoja na nyumba nyingine sita, waliachiwa msimu mmoja wa kupanda maharagi kati ya mistari, nao kwa shukrani wapalilie miti. Walipalilia vizuri. Miti ikakua, maharagi yakakatazwa. Nyumba zile sita zikaondoka moja baada ya nyingine kutafuta shamba mbali, nyingine hadi upande wa Beni ambako watu wanauawa mashambani mwao. Kasonia, kwa sababu ya damu, alipewa kofia, jozi ya buti, na dola ishirini na tano kwa mwezi.

Alishuka mlima polepole. Jokébed alikuwa nyuma ya nyumba, akifua shati jeupe la shule la binti yao Hadassa. Kasonia alimweleza alichokiona. Mkewe hakuacha kufua.

"Ni weye?" Kasonia aliuliza.

"Ni miye."

"Uliziua na nini?"

"Maji ya moto. Kila siku ya tatu asubuhi, wakati unafikiri niko mu sala ya bamama."

Alisema bila aibu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Kisha akaeleza, na alikuwa ameshayapanga maneno yake siku nyingi. Mteremko ule ulikuwa ukiwapa magunia sita kwa msimu. Walikula, wakauza, wakalipa shule. Sasa mshahara wake ulikwisha kwenye unga kabla mwezi haujafika katikati. Hadassa alikuwa mwaka wa sita wa sekondari, msichana wa kwanza wa kilima kile kufika hapo, na franga za mtihani wa serikali zilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Juma lililopita jina lake lilisomwa mbele ya darasa zima, pamoja na majina ya wengine ambao hawajalipa, nao wakasimamishwa ukutani mpaka kengele. Maharagi yale yangetosha. Yalibaki majuma matatu.

Kasonia akamwambia kwamba siku ya nne agronome, mtaalamu wa miti wa Mradi, anakuja kuhesabu miti.

"Basi utamupitisha fasi ingine," alisema Jokébed akikamua shati. "Si weye njo mulinzi?"

Kasonia hakumpiga, wala hakupaza sauti. Alirudi mlimani na panga. Siku mbili zilizofuata aling'oa miti iliyokufa, akakata matawi mabichi kutoka miti mikubwa ya zamani iliyoota kando ya barabara, akayachomeka ardhini moja moja kwenye mashimo yale, akayakandia udongo. Ukiangalia kwa mbali ungesema ni miti. Maharagi hakuyagusa. Mara mbili aliinama ili ayang'oe, mara mbili akanyooka.

Siku ya nne gari la Mradi lilipanda saa tatu asubuhi. Agronome aliitwa Stanislas, kijana mpole mwenye miwani, aliyemsalimia kila mtu kwa mkono. Alikuja na Éliakim pamoja na mkewe Abigaïl, ambaye alitaka kuona kilima kabla ya jua kuwa kali. Kasonia aliwatangulia. Aliwapitisha kando, akasema katikati kuna siafu. Stanislas akajibu kwamba siafu anawajua, akaingia katikati.

Alisimama mbele ya tawi la kwanza. Aliligusa jani, akalinusa. Kisha akalivuta kwa vidole viwili, nalo likatoka bila mzizi.

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akavuta la pili, na la tatu; shimoni mwa la tatu akaokota gome lililobaki, akasema limeunguzwa kwa maji ya moto. Hakuna mwingine aliyecheka. Alipofika kwenye maharagi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kama ni maladie, ugonjwa wa miti, tunaleta ingine, hakuna problème," alimwambia Éliakim kwa Kiswahili chake cha ofisini. "Mais hii ni mukono ya mutu. Mu rapport naandikaka jina. Kama jina haiko, donc ni mwenye shamba."

Éliakim alimshika Kasonia kiwiko, akamvuta hadi mwisho wa mstari. Hakuwa na hasira. Alimweleza taratibu, kama wakati ule alipomfundisha kuhesabu, kwamba malipo ya kilima chote kwa mwaka mzima yamesimama juu ya ukurasa ule mmoja, na mshahara wa mlinzi vilevile.

"Na kama ni mutu wa nyumba yetu, contrat inakufa leo leo," alisema. "Unanisikia? Mutu wa nyumba yetu hapana. Uniletee jina mbele ya saa sita."

Kasonia alitazama chini ya mlima. Moshi mmoja tu ulikuwa ukipanda pale pembeni ya miti, moshi wa Faida.

Faida alikuwa mwanamke wa Mulekera, Beni. Mumewe Amisi alikuwa akibeba mizigo kwa pikipiki hadi Mutwanga, na siku moja pikipiki ikaonekana njiani peke yake. Alikimbia na binti yake Hadjara, wa miaka minne, akafika kilimani akiwa na sufuria moja, na Kasonia mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mahali pa kujenga kibanda cha fito na hema. Aliokota majani makavu na vijiti chini ya miti, akawauzia wenye tanuru za mikate mjini. Kasonia alikuwa amemruhusu. Mwezi wa kwanza Jokébed alipolazwa chini na malaria, Faida aliwatekea maji siku tisa, wala hakuomba hata chumvi.

Kapita, mkuu wa kijiji, aliitwa. Watu kama ishirini wakakusanyika, wengi wao wa ng'ambo ya kijito waliosikia kwamba gari limekuja. Jokébed alisimama nyuma, mikono chini ya kitenge. Éliakim alimwambia mdogo wake aseme anachokijua.

Kasonia alivua kofia ya Mradi, akaiangalia ndani.

"Ni Faida," alisema. "Namuonaka anapita-pita mule."

Faida aliletwa akiwa na unga mikononi. Mwanzoni hakuelewa. Alidhani ni habari ya majani makavu, akasema kwa heshima kwamba baba Hadassa anajua, alimpa ruhusa yeye mwenyewe, na kama imekatazwa ataacha leo. Kapita akamwambia siyo majani, ni miti iliyouawa na maharagi yaliyopandwa. Faida akatazama huku na huku, akatafuta uso wa Kasonia, akakuta kisogo.

Wakaenda kupekua kibanda. Kulikuwa na sufuria, blanketi, kanga mbili, kopo la unga, na jembe. Mzee mmoja alilijua lile jembe kwa mpini wake uliofungwa waya: jembe la mke wa Kasonia. Faida aliliazima juma lile kuchimba choo. Kapita alimwita Jokébed mbele, akamuuliza.

"Jembe ni yangu," alisema Jokébed. "Alinikopa. Hakuniambia ni ya kufanya nini."

Watu wakanung'unika. Faida alimgeukia. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Mama Hadassa, sema tena," alisema. "Nisikie muzuri."

Mtoto Hadjara alikuwa ameshika kanga ya mama yake, akimwangalia Jokébed kwa kumtambua, kwa sababu nyumbani kwake alizoea kupewa viazi.

"Jembe ni yangu. Alinikopa. Hakuniambia ni ya kufanya nini."

Neno kwa neno. Faida akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa hesabu yake ikatimia, na tangu hapo hakujitetea tena.

Stanislas aliandika. Aliomba kuelekezwa namna ya kuandika jina la ukoo, akashukuru. Alisema mimea iliyopandwa kinyume cha mkataba lazima itolewe, na kwamba yeye hana habari nyingine, mengine ni ya wenyeji. Éliakim akaamua mwenye kupanda ndiye atakayeng'oa. Basi Faida akapanda mlima, watu nyuma yake, akainama katika shamba ambalo hakuwahi kulikanyaga isipokuwa pembeni, akang'oa maharagi ya mwanamke mwingine, mche baada ya mche. Ilimchukua saa nzima. Hakujua yanapoanzia wala yanapoishia, na kila alipoacha mche nyuma, kapita alimwonyesha kwa fimbo.

Jokébed naye alikuwapo. Alijua kila shimo. Aliona maganda yaliyonenepa yakitupwa chungu moja, akahesabu moyoni bila kutaka, hata akafika mahali ambapo hesabu ilimpotea.

Abigaïl aliikagua ile chungu. Alisema ni dhambi chakula kuoza, na Jumapili watakuwa na wageni wa kanisa, maharagi mabichi yanapendwa. Yakafungwa mafungu, yakapakiwa nyuma ya gari. Fungu la mwisho, dogo, Abigaïl alilibeba mwenyewe hadi kwa Jokébed.

"Chukua hii, mama Hadassa," alisema mbele ya watu. "Juu ya ukweli yako."

Jokébed alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama ilivyo desturi.

Kabla ya saa nane kibanda kilikuwa kimevunjwa. Fito zake zilichukuliwa na wale waliozivunja. Faida alifunga sufuria ndani ya blanketi, akaiweka kichwani, akamtia Hadjara mgongoni ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea, akashika njia ya Butembo. Gari lilimpita pale penye kona ya kijito. Nyuma, juu ya maharagi, kulikuwa na nafasi. Stanislas aligeuka akasema jambo, Éliakim akajibu jambo, na gari halikupunguza mwendo.

Hadassa alirudi kutoka shule jioni, tayari ameshasikia njiani. Alikuta bugali na maharagi mezani, maharagi mengi kuliko walivyokula tangu Krismasi. Alisimama akiwa na mkoba begani.

"Faida alipanda saa gani?" aliuliza. "Kila asubuhi tulikuwa naye ku maji."

Baba yake akamwambia anawe mikono. Hadassa alinawa, akakaa. Alikuwa ametembea kilomita tisa bila kula tangu asubuhi, na alijua kwamba akisusa chakula hakuna kitakachobadilika mlimani. Akala. Machozi yalimtoka huku akila, akayafuta kwa mkono wa kushoto ili wa kulia usisimame. Hakuna aliyemuuliza analilia nini.

Majuma matatu yakapita, na mwisho wa mwezi ukakaribia. Kasonia alivaa kofia na buti zake, akashuka Butembo kwa miguu kumwona kaka yake nyumbani. Nyumba ilikuwa imeongezwa vyumba viwili, na sebule ilitiwa vigae vyeupe. Mtumishi alimwomba aache buti mlangoni. Alisubiri barazani hadi wageni wa kanisa walipomaliza maombi na soda, kisha akaingia kwa soksi, moja imetoboka kidoleni. Alikaa ukingoni mwa kiti ili asikichafue.

Alimwomba Éliakim mshahara wa mwezi huo na wa miezi miwili ya mbele, kwa ajili ya mtihani wa Hadassa. Alisema pesa zitakatwa kidogo kidogo. Alisema Hadassa ni mtoto wake pia.

Éliakim alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza, hilo kila mtu kanisani alilijua. Kisha akasema mshahara wa mwezi huu yuko nao, na akautoa papo hapo. Kuhusu wa mbele, alikuwa amewaza amwite, bahati nzuri amekuja mwenyewe. Miti sasa inakaribia kimo cha mtu, haiwezi kuuawa tena kwa maji. Mradi unauliza gharama ya mlinzi ni ya nini.

"Na mwizi alishaka kwenda," alisema. "Unalinda nini tena?"

Kasonia alitazama vigae. Aliona neno moja tu ambalo lingeweza kumrudishia kazi yake, akaliona wazi kama mtu anavyoona shimo kabla ya kukanyaga. Akakanyaga.

"Yaya, kaka yangu, mwizi hakuenda," alisema. "Mwizi ni mama Hadassa."

Alingoja kaka yake asimame, apige kelele, amwite Abigaïl. Éliakim alichukua tu kikombe chake cha chai, akaona kimepoa, akakirudisha.

"Najua," alisema.

Kasonia hakuelewa.

"Nilijua siku ile ile. Mwanamuke wa kukimbia vita na sufuria moja anatoa wapi makaa ya kuchemusha maji ya miti makumi tatu? Na nani alichomeka matawi, ni Faida?" Alisema kwa upole, karibu kwa huruma. "Nilikuomba jina, ukaniletea jina ya muzuri. Haina ndugu hapa, haina wa kumusemea. Miye nilikushukuru mu roho. Lakini hapana kuja sasa kunipa ingine. Ile ingine sina nayo kazi."

Akamwambia asijali, familia ni familia, akipata kibarua cha kuchimba mashimo ya miti kilima cha pili atamkumbuka. Akamsindikiza hadi mlangoni. Kasonia alipoinama kuvaa buti, Éliakim alimgusa bega.

"Ile ni ya Mradi," alisema. "Uache pale pale. Na kofia."

Alirudi kwa soksi hadi zikatoboka zote, kisha kwa miguu mitupu. Njiani alikutana na watu waliomjua, nao wakaangalia miguu yake, wakamsalimia bila kuuliza. Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Jokébed alikuwa akipepeta unga wa muhogo kwenye ungo. Aliona miguu, akaona kichwa kisicho na kofia, akaweka ungo chini.

Kasonia alimpa pesa za mwezi ule, akamweleza kazi imekwisha. Mkewe alimwuliza kama alimwomba vizuri. Akasema aliomba. Jokébed alimtazama muda mrefu. Walikuwa wameoana zamani, naye alijua mumewe akikwama hushika nini.

"Ulimuambia," alisema.

Kasonia akaketi kizingitini.

"Na akasema nini?"

"Anasema alijua tangu siku ile."

Jokébed alibaki amekaa, mikono yake myeupe kwa unga. Ndani ya nyumba Hadassa aliacha kufagia. Sauti ya mama yake ilikuwa ndogo, kana kwamba anaogopa kusikiwa na mtu ambaye hayupo.

"Basi tulimufukuza bure."

Kasonia alikwenda kunawa miguu.

Siku ya mwisho ya kulipa mtihani ilipita kama siku nyingine. Shati jeupe lilikunjwa, likawekwa chini ya godoro, na mwezi uliofuata likauzwa kwa binti wa jirani wa ng'ambo ya kijito. Mvua ziliporudi, Éliakim alianza kupanda kilima cha pili, akahitaji watu wa kulipwa kwa shimo. Kasonia hakuitwa. Aliitwa Hadassa, kwa kuwa wasichana hulipwa kidogo na hawavunji miche.

Alichimba tangu asubuhi hadi alasiri, kamba imevutwa mbele yake ili mistari isipinde. Karibu na saa tisa baba yake mkubwa alipita na Stanislas, mwavuli umefunguliwa juu yao. Walisimama nyuma yake. Éliakim aliuangalia mstari wake kutoka mwanzo hadi mwisho, akaridhika.

"Unaona huyu?" alimwambia agronome. "Huyu ni wa nyumba yetu. Alisoma."